Mtoto Akiwa na Mafua, Mtazame Kifua

Mzazi anayeingia duka la dawa kwa ajili ya mtoto mwenye mafua hatoki mikono mitupu. Atatoka na chupa ya dawa ya kikohozi, chupa ya kushusha homa, na mara nyingi chupa ya tatu yenye unga wa kuchanganya na maji, amoksilini au ampiklox. Muuzaji atakuwa amemuuliza umri wa mtoto, labda na uzito. Swali ambalo mimi, daktari wa watoto, ningelitanguliza ni jingine: mtoto anapumuaje? Mafua yatapona, kwa dawa au bila dawa. Lakini ni katika siku hizo chache za mafua ndipo nimonia hupata nafasi, nayo huingia kimya wakati macho ya nyumba nzima yako kwenye pua. Mwaka 2019 peke yake nimonia iliua watoto wapatao 740,000 wa chini ya miaka 5 duniani, sehemu kubwa yao katika Afrika kusini mwa Sahara na Asia ya Kusini. Mtoto wa namna hiyo mara nyingi huanza kwa pua inayochuruzika, kama mtoto mwingine yeyote.

Tuanze na mafua yenyewe, kwa sababu ukiyajua vizuri hayatakutisha bure. Mafua ya kawaida huletwa na virusi, na aina zinazojulikana zinazidi 200. Kundi kubwa kuliko yote ni la rainovirusi. Kwa wingi huo, mtoto akipona aina moja, mwili wake bado hauijui nyingine, ndiyo maana mtoto mdogo mwenye afya njema kabisa anaweza kuugua mafua mara 6 hadi 8 kwa mwaka. Akianza chekechea, au akilelewa pamoja na wenzake wengi, mara hizo huongezeka. Wazazi huniambia, “Daktari, huyu kila mwezi ni mafua, nahisi ana tatizo kwenye damu.” Ninachofanya kwanza ni kuomba kadi ya kliniki. Ikiwa uzito unapanda kama inavyotakiwa, na baada ya kila mafua mtoto hurudi kucheza na kula, hana tatizo lolote. Kinga yake inajifunza, na hakuna njia nyingine ya kujifunza zaidi ya hiyo.

Mwendo wa mafua unafahamika. Siku 1 hadi 3 baada ya kuambukizwa, koo linaanza kuwasha, mtoto anapiga chafya, pua inatoa maji. Homa ikiwepo huwa ya kadiri. Siku ya 2 na ya 3 ya ugonjwa ndizo nzito: pua imeziba, usingizi wa mang’amung’amu, mtoto mchanga anakamata titi na kuliachia kwa sababu hawezi kunyonya na kuvuta hewa kwa mdomo kwa wakati mmoja. Kisha makamasi yanakuwa mazito, yanageuka manjano, hata kijani. Hapo ndipo wengi hukimbilia antibayotiki, na hapo ndipo ningependa wasimame kwanza. Rangi hiyo inatokana na chembe nyeupe za damu zilizokuwa zikipambana na virusi. Huonekana katika mafua ya kawaida kabisa na haithibitishi kwamba kuna bakteria. Kati ya siku ya 7 na ya 10 mambo yanatulia, ila kikohozi kinaweza kubaki hadi wiki ya 2 au ya 3, hasa usiku, bila kuwa na maana mbaya.

Na baridi? Mtoto hapati mafua kwa kuogeshwa asubuhi, kukanyaga sakafu bila viatu au kunyeshewa. Bila virusi hakuna mafua. Kinachotokea Njombe, Makete au Lushoto kati ya Juni na Agosti ni kwamba madirisha hufungwa, watu hujibana chumba kimoja kuzunguka moto, na hewa kavu ya baridi huvisaidia virusi, hasa vya influenza, kuishi muda mrefu zaidi. Nalisema hili kwa sababu nimewaona watoto wenye homa wakifungwa kofia, soksi, sweta mbili na blanketi zito juu yake, jasho linawatiririka, na homa inazidi kupanda kwa sababu joto la mwili halina pa kutokea. Mvalishe nguo nyepesi, mfunike kwa shuka au khanga. Inatosha.

Influenza, ambayo wengi huiita homa ya mafua au mafua makali, ni jambo jingine ingawa kwa macho hufanana na mafua ya kawaida. Mafua ya kawaida humjia mtoto taratibu; influenza humwangusha. Asubuhi alikuwa anakimbia na mpira, jioni amelala, anatetemeka, homa inapita nyuzi 39, kichwa kinamuuma, anasema miguu inauma au anakataa kutembea. Watoto, tofauti na watu wazima, mara nyingi hutapika au kuharisha pia. Homa hukaa siku 3 hadi 5, na uchovu unaweza kufika wiki 2. Mtoto huanza kuambukiza wenzake siku moja kabla hajaonyesha dalili na huendelea kwa wiki nzima au zaidi. UVIKO-19 kwa mtoto unaweza kufanana nayo kabisa, na bila kipimo hakuna daktari anayeweza kuapa ni ipi kati ya hizo mbili. Kwa matibabu ya nyumbani tofauti hiyo haibadilishi mengi. Inabadilisha kiwango cha uangalizi: mtoto wa chini ya miaka 2, mwenye pumu, mwenye selimundu, mwenye ugonjwa wa moyo, anayeishi na VVU au mwenye utapiamlo akipata homa ya ghafla na kali namna hiyo aonwe na mhudumu wa afya mapema, asisubiri siku ya 3.

Chanjo ya influenza ipo na hutolewa kuanzia umri wa miezi 6, kila mwaka, kwa sababu virusi hivyo hubadilika. Mtoto wa chini ya miaka 9 anayechanjwa kwa mara ya kwanza hupewa dozi 2 zinazopishana angalau wiki 4. Haimo katika ratiba ya kawaida ya chanjo za watoto Tanzania, lakini mzazi mwenye mtoto wa pumu au selimundu aulize hospitalini kama anaweza kuipata.

Kuna fikra moja iliyojikita kwetu: mtoto akichemka, ni malaria. Mwaka 2008, katika kliniki za Dar es Salaam na Ifakara, watafiti walichunguza kwa kina watoto 1,005 wa miezi 2 hadi miaka 10 waliokuja na homa ya nyuzi 38 au zaidi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014 katika jarida la New England Journal of Medicine. Malaria ilikutwa kwa takriban asilimia 10.5 tu. Asilimia 62 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na kati ya hao wenye nimonia iliyoonekana kwenye picha ya eksirei walikuwa asilimia 5. Watoto 7 kati ya 10 walikuwa na ugonjwa wa virusi. Kwa hiyo mtoto wa Kitanzania anayechemka ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na mafua au ndugu zake kuliko malaria. Ila naomba nisieleweke vibaya. Malaria ikiachwa huua haraka, na mafua hayamkingi mtoto dhidi yake, anaweza kuwa navyo vyote viwili. Homa inapimwa. Kipimo cha kutoboa kidole kipo zahanati na majibu hutoka ndani ya dakika 20 hivi. Kisichofaa ni kumpa dawa ya malaria kwa kubahatisha, au kuridhika na jibu la “hana malaria” na kurudi nyumbani bila mtu kuangalia kifua.

Sasa tufike kwenye kifua. Miaka ya mwanzo ya 1980, katika hospitali ya Goroka kwenye nyanda za juu za Papua New Guinea, daktari Frank Shann na wenzake walikuwa na tatizo ambalo kila zahanati ya kijijini inalijua: watoto wengi wanaokohoa, hakuna eksirei, na wahudumu wasio na ujuzi wa kutosha wa kusikiliza mapafu. Walitafuta dalili ambazo mtu yeyote anaweza kuziona. Walizoziona zina maana kubwa zilikuwa kasi ya kupumua na kuingia ndani kwa kifua. Taarifa yao ya mwaka 1984 ndiyo iliyosaidia kuweka msingi wa mwongozo ambao WHO na UNICEF waliutandaza duniani, na ambao Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuupokea katika miaka ya 1990. Hata kabla ya hapo, wilayani Bagamoyo, wahudumu wa afya wa vijiji walifundishwa kuitambua nimonia, kuianzishia dawa na kuwaelimisha akina mama nyumbani. Taarifa ya mradi huo iliyotoka mwaka 1986 ilionyesha vifo vya watoto vimepungua. Wale hawakuwa madaktari. Walikuwa wanakijiji waliofundishwa kutazama.

Wewe pia unaweza. Subiri mtoto atulie, asiwe analia wala ananyonya. Akiwa usingizini ni vizuri zaidi. Inua fulana hadi uone kifua na tumbo vyote. Weka simu yako ihesabu dakika moja nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, maana pumzi za mtoto hazina mpangilio sawa. Kila tumbo linapopanda, hesabu moja. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifika 60 au zaidi, hesabu tena. Ikirudi 60 au zaidi, mpeleke hospitali wakati huo huo. Wa miezi 2 hadi asiyetimiza mwaka, kikomo ni 50. Kuanzia mwaka 1 hadi asiyetimiza miaka 5, ni 40. Mtoto anayekohoa na pumzi zake zimefika au kupita kikomo hicho anahesabiwa kuwa na nimonia mpaka mhudumu wa afya aseme vinginevyo, hata kama hana homa kali na hata kama bado anatabasamu.

Dalili ya pili ni nzito kuliko ya kwanza. Angalia pale mbavu za chini zinapokutana na tumbo. Kwa kawaida mtoto akivuta pumzi, kifua na tumbo vyote hutoka nje. Nimonia ikikaza, pale chini ya mbavu panabonyea kwa ndani kila anapovuta hewa, kwa sababu mapafu yamekuwa magumu na misuli inatumia nguvu zote. Pua nazo hupanuka, kichwa kinaweza kutikisika kila anapopumua, na mtoto mchanga anaweza kutoa mguno mfupi kila anapotoa pumzi. Ukiona kifua kinabonyea hivyo, acha kuhesabu, mpeleke.

Sikiliza pia. Mlio kama wa mluzi wakati wa kutoa pumzi huashiria njia ndogo za hewa zimebana. Kwa mtoto wa chini ya mwaka mara nyingi ni bronkiolitisi, ugonjwa unaoletwa hasa na virusi vya RSV, ambao huanza kama mafua na kuwa mbaya zaidi karibu na siku ya 3 hadi ya 5. Kwa mkubwa kidogo ambaye mluzi unamrudia kila anapopata mafua, fikiria pumu na umpeleke achunguzwe. Sauti ya kukwaruza wakati wa kuvuta pumzi, mtoto akiwa ametulia, ina maana njia ya juu ya hewa imebana, na hiyo ni dharura.

Dalili nyingine za hatari hazihitaji kuhesabu chochote: mtoto hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila anachopewa, amepata degedege, amelegea na haamki vizuri, au midomo na ulimi vimekuwa na rangi ya bluu au kijivu. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2 orodha ni fupi na kali zaidi. Homa ya kuanzia nyuzi 37.5, au mwili kuwa wa baridi, au kupoteza hamu ya kunyonya, kimoja tu kati ya hivyo kinatosha kumpeleka hospitali siku hiyo hiyo. Hapa simbembelezi mtu. Kichanga mwenye homa hatibiwi nyumbani.

Ikiwa pumzi ni za kawaida na hakuna hata dalili moja kati ya hizo, una mtoto mwenye mafua, na kazi yako ni kumfanya ajisikie vizuri wakati mwili wake unamaliza kazi. Anza na pua. Chemsha maji, yaache yapoe, chukua kikombe kimoja cha robo lita na utie nusu kijiko cha chai cha chumvi. Tia tone moja au mawili katika kila tundu la pua, subiri kidogo, kisha futa au nyonya makamasi kwa kitambaa laini kilichosokotwa ncha au kwa kifyonzeo cha mpira. Fanya hivyo kabla ya kunyonyesha na kabla ya kulala, na tengeneza maji mapya kila siku. Kwa mtoto wa miezi 3 hakuna dawa ya chupa inayomsaidia kunyonya na kulala kuliko hii.

Endelea kunyonyesha, mara nyingi zaidi kuliko kawaida, hata kama kila mara ni kidogo. Kwa aliyeanza kula, uji, mchuzi wa moto kiasi, maji, machungwa, chochote anachokipenda. Hamu ya kula hupungua na hilo halina hatari kwa siku chache, kukosa maji ndiko kwenye hatari. Mtoto asiyekojoa kwa saa 6 au zaidi, mwenye mdomo mkavu na anayelia bila machozi, anahitaji kuonwa. Akishapona, mwongezee mlo mmoja kwa siku kwa wiki 2, arudishe uzito aliopoteza. Wengi husahau hatua hiyo, na mtoto huingia mafua yanayofuata akiwa mwepesi kuliko alivyoingia yaliyopita.

Homa yenyewe ni sehemu ya vita vya mwili, hivyo si lazima kila joto lishushwe. Mtoto akiwa na nyuzi 38.5 au zaidi, au akiwa anasumbuka na maumivu, parasetamo inafaa. Kipimo kinafuata uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, si zaidi ya mara 4 kwa saa 24. Mtoto wa kilo 10 anahitaji miligramu 100 hadi 150, na ikiwa chupa yako imeandikwa miligramu 120 kwa mililita 5, basi mililita 5 zinamtosha. Pima kwa kikombe au bomba lililokuja na dawa, kwani vijiko vya jikoni havilingani. Soma pia maandishi ya dawa yoyote ya mafua uliyouziwa, maana nyingi tayari zina parasetamo ndani, na mzazi anayempa mtoto zote mbili anazidisha dozi bila kujua, na ini ndilo linaloumia. Aspirini asipewe mtoto mwenye mafua au influenza kabisa. Inahusishwa na ugonjwa wa Reye, unaoharibu ubongo na ini.

Kwa kikohozi, asali ina faida iliyothibitishwa: nusu kijiko hadi kijiko kimoja cha chai kabla ya kulala, kwa mtoto aliyetimiza mwaka 1. Chini ya mwaka ni marufuku, hata kuonjeshwa, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu ambavyo utumbo wa mtoto mchanga hauwezi kuvizuia. Chai ya tangawizi au mchaichai ya vuguvugu, isiyo kali, haina ubaya kwa mkubwa.

Dawa za chupa za kikohozi na mafua ni hadithi ya kusikitisha. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha zisitumike kwa watoto wa chini ya miaka 2, na mwaka 2009 Uingereza ikaziondoa kwa watoto wa chini ya miaka 6, kwa sababu manufaa yake kwa watoto hayajaonekana ilhali madhara yameonekana: kusinzia kupita kiasi, mapigo ya moyo kwenda mbio, hata vifo. Kisha Oktoba 2022 WHO ikatoa tahadhari kuhusu dawa 4 za maji zilizouzwa Gambia, zilizokuwa na sumu za daiethilini glaikoli na ethilini glaikoli. Zaidi ya watoto 60 walikufa kwa figo kushindwa kufanya kazi. Walikuwa wamepewa dawa za kikohozi na mafua, za ugonjwa ambao ungepona wenyewe. Aprili 2024 Nigeria iliripoti kukuta moja ya sumu hizo katika toleo moja la dawa ya kikohozi ya watoto, na nchi kadhaa za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwemo, zikaagiza toleo hilo liondolewe sokoni. Msimamo wangu ni kwamba mtoto wa chini ya miaka 6 hahitaji dawa ya kikohozi ya chupa, iwe ya bei kubwa au ndogo.

Kuhusu antibayotiki maneno ni machache: haziui virusi. Mtoto aliyepewa amoksilini siku ya 4 akapona siku ya 8 angepona siku ya 8 hata bila hiyo, lakini mama ataamini ndiyo iliyomponya, na mafua yajayo ataianza siku ya 1. Kinachobaki ni kuharisha, vipele, na bakteria waliozoea dawa ndani ya mwili wa mtoto na ndani ya nyumba. Siku nimonia ya kweli itakapokuja, amoksilini hiyo hiyo, mara nyingi ya vidonge vinavyoyeyushwa kwenye maji, ndiyo tunayoitegemea kuokoa maisha yake. Ikiandikwa na mhudumu aliyehesabu pumzi za mtoto, mpe dozi yote hadi mwisho.

Nyumbani kwetu kuna tiba za bibi ambazo hazina neno, na kuna nyingine zinazonifanya nikose raha. Kumfukizia mtoto mdogo chini ya blanketi na sufuria ya maji yanayochemka ni hatari. Nimeona majeraha ya moto yaliyotokana nayo, na hakuna mafua yanayostahili kovu la namna hiyo. Mafuta ya kula au ya mgando yanayotiwa puani yanaweza kuteremka hadi kwenye mapafu na kuleta nimonia yake yenyewe. Dawa za kuchua zenye kafuri na mentholi zisipakwe mtoto wa chini ya miaka 2, wala zisipakwe ndani ya pua ya mtoto wa umri wowote.

Na kuna kimeo. Mtoto akikohoa wiki 2 au 3, mtu atasema kimeo kimerefuka, akatwe. Kimeo ni kiungo cha kawaida cha mwili, hakisababishi kikohozi, na kukikata hakuondoi virusi kifuani. Wanaokatwa kwa wembe au kisu kisicho safi huletwa hospitali wakiwa wanatoka damu, wamepata maambukizi ya koo na damu, wengine wanahitaji kuongezewa damu usiku huo huo. Wapo wasiofika. Ikiwa mama mkwe au jirani anasisitiza, mwambie daktari amekataza, unitupie mimi lawama.

Degedege nayo bado inapelekwa kwa waganga katika maeneo mengi. Kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5, homa yoyote inaweza kuleta degedege, hata ya mafua, na kati ya watoto 100 wapo 2 hadi 5 wanaoipata. Mlaze mtoto ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimmwagie maji, tazama saa. Ikipita dakika 5, mkimbize. Hata ikikoma mapema, mpeleke siku hiyo hiyo, kwa kuwa malaria kali na homa ya uti wa mgongo huanza kwa sura hiyo hiyo.

Yapo magonjwa yanayojificha nyuma ya mafua. Kamasi lenye harufu mbaya linalotoka tundu moja tu la pua kwa kawaida linamaanisha kuna kitu ndani: punje ya mahindi, shanga, kipande cha sponji. Mafua yenye macho mekundu na homa kali, kisha vipele vinavyoanzia usoni na nyuma ya masikio, ni surua. Kikohozi cha mfululizo kinachomfanya mtoto akose pumzi na kumalizia kwa kutapika kinaweza kuwa kifaduro. Kikohozi kilichopita wiki 2 pamoja na uzito kushuka, hasa ikiwa kuna mtu mzima anayekohoa nyumbani, kinataka uchunguzi wa kifua kikuu. Na mtoto anayevuta sikio na kulia usiku, au sikio linalotoa usaha, aonwe.

Kuhusu kinga, kunawa mikono kwa sabuni ndiko kunakofanya kazi kubwa, maana virusi hivi husafiri kwa mikono kama vinavyosafiri kwa chafya. Mtu mwenye mafua asimbusu mtoto mchanga, hata akiwa shangazi aliyetoka mbali. Kunyonyesha maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 kunapunguza nimonia. Moshi unaongeza, na hili linatugusa sana: mtoto anayebebwa mgongoni wakati mama anachochea kuni anavuta moshi ule ule, kila siku, kwa mapafu madogo kuliko ya mama. Mtoto akae nje ya jiko wakati wa kupika, hata kama ni kwa kumpa dada yake amshike. Chanjo zinazozuia nimonia mbaya tunazo bure kliniki. Ya bakteria wa Hib imo ndani ya chanjo ya magonjwa 5 iliyoanza Tanzania mwaka 2009, na ya nimokoko ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2013; zote hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Ya surua na rubela hutolewa miezi 9 na tena miezi 18, na hiyo ya pili ndiyo wazazi wengi huisahau.

Jizoeze kuhesabu pumzi mtoto wako akiwa mzima, ujue hesabu yake ya kawaida kabla hujaihitaji. Na ukiona dalili za hatari usiku, usingoje kukuche. Chukua kadi ya kliniki na dawa zote alizokwisha kupewa, za duka na za kienyeji, uzionyeshe bila kuficha, na umwombe mhudumu ahesabu pumzi za mtoto mbele yako. Sera ya afya ya Tanzania inawasamehe watoto wa chini ya miaka 5 gharama za matibabu katika vituo vya serikali, kwa hiyo mfuko mtupu usikuzuie kutoka nyumbani.